Amevua jezi katikati ya mazoezi, na mwalimu wake ni mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa mkoani Morogoro, nina miaka 32 na watoto wawili. Darasani nafundisha Kiswahili na Historia, lakini ikifika saa kumi jioni utanikuta uwanjani na wasichana wa netiboli. Silipwi kwa kazi hiyo. Naifanya kwa sababu netiboli ndiyo iliyonitoa kijijini: nikiwa kidato cha tatu nilichaguliwa timu ya mkoa, nikapanda basi kwenda mbali na kwetu kwa mara ya kwanza, nikacheza UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya taifa nikiwa GA, yule anayeshambulia na kufunga.

Aliyenifikisha huko ni mwalimu wetu wa michezo, Mungu amrehemu. Alikuwa mkali hasa. Ukichelewa dakika tano, raundi kumi. Ukidondosha mpira, kichurachura kutoka goli hadi goli. Ukikosea mara mbili mfululizo alikuwa na maneno yake, na maneno yale yaliuma kuliko fimbo. Tulilia, Shangazi. Lakini tulishinda, na leo nikimkumbuka nasema asante. Alipofariki nilisafiri usiku kucha kwenda kumzika.

Nami nimefundisha hivyo hivyo, huu mwaka wa sita. Samaki mkunje angali mbichi. Mara mbili tumekuwa mabingwa wa wilaya, na mkuu wa shule hunitaja kwa jina kwenye kikao cha wazazi.

Mwaka huu mambo yamekwenda kombo. Januari walijiandikisha wasichana 23. Leo wamebaki 12, na wawili kati yao naona wanakuja kwa kuogopa tu. Hawaagi, wanapungua kimya kimya: huyu tumbo linamuuma, yule ana tuisheni, mwingine mama yake kamkataza. Nikajiambia watoto wa siku hizi ni laini, simu zimewaharibu.

Kilichonifanya nikuandikie ni GS wangu, yaani mfungaji mkuu. Ana miaka 15, mrefu, mkono wake ukinyanyuka ujue mpira umeshaingia. Tangu akiwa shule ya msingi anasema anataka kuchezea Taifa Queens, timu ya taifa ya netiboli. Wiki tatu zilizopita, mazoezini, alikosa magoli manne, na la mwisho hakuna hata aliyemkaba. Nilipuliza filimbi, mchezo ukasimama, nikamwambia mbele ya wote: "Wewe ni mzigo. Ungekuwa gunia ningekushusha hapa hapa." Wenzake wakacheka. Hakulia. Angelia, ningeona ni kawaida. Alivua ile jezi ya herufi, akaikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, taratibu, kama mtu anayekunja sare aliyotoka kuipiga pasi, akaiweka chini ya nguzo ya goli. Akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka peku. Sikumwita. Nilidhani kesho yake atarudi.

Hakurudi. Darasani ananisalimia vizuri na kazi anafanya. Nilipomuuliza alisema tu, "Mwalimu, nimechoka mpira." Nikaamini. Nikasema moyoni, labda kapata mvulana.

Alhamisi iliyopita nilipita mtaa wanaoishi, nikiwa kwenye bodaboda. Kuna mwembe mkubwa karibu na kisima, na kwenye tawi watoto wametundika ndoo iliyokatwa kitako. Alikuwa pale, kanga kiunoni, na vitoto kama saba hivi. Alirusha, ukaingia. Akarusha tena, ukagonga ukingo wa ndoo ukatoka, akacheka, Shangazi, akacheka hadi akashika magoti. Sijawahi kumwona akicheka na mpira mkononi. Sikumwambia dereva asimame.

Mashindano ya wilaya yamebakiza wiki tano. Mkuu wa shule ananiuliza GS yuko wapi. Mume wangu anasema nimwite mzazi shuleni, mtoto arudishwe. Na mwenzangu mmoja tuliyecheza naye timu ile ya mkoa, nilipokutana naye sokoni nikaanza kumkumbushia habari za mwalimu wetu, alinikatiza: "Yule usinitajie." Siku ile nilimwona hana shukrani. Sasa sijui.

Nikilegeza, nitakuwa na timu ya kuchekacheka inayofungwa na kila mtu. Nikikaza, nitabaki na uwanja mtupu. Na nikisema njia ya mwalimu wangu ilikuwa mbaya, ni kama namtukana marehemu. Nifanye nini?

Mwalimu wa Jioni, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia kama mwalimu aliyepoteza mfungaji wiki tano kabla ya mashindano, lakini sehemu niliyorudia kuisoma ni ile ya bodaboda. Hukumwambia dereva asimame. Naona kama barua yako yote imeandikwa na mtu ambaye bado yuko juu ya ile bodaboda, shingo kaigeuza nyuma, anatazama mwembe.

Unaniuliza ukaze au ulegeze. Nikilisikiliza vizuri swali lako, ndani yake kuna jingine zito zaidi: je, kilichokujenga wewe ndicho kinachowafukuza hawa? Na ikiwa ndivyo, utamweka wapi mwalimu wako moyoni? Haya ni maswali ya mtu anayewapenda wanafunzi wake. Asiyewapenda angetafuta GS mwingine, basi.

Tuanze na mwembe. Mtoto alikwambia amechoka mpira, nawe ukamwamini, tena ukatafuta sababu ya kujazia: mvulana. Kwa wale wengine ilikuwa tumbo, tuisheni, mama, simu. Ziangalie sababu hizo zote kwa pamoja, mwanangu, uone kama kuna hata moja inayokugusa wewe. Huenda baadhi ni za kweli, tuisheni ipo na matumbo yanauma. Lakini mtoto hana namna ya kumwambia mwalimu wake "nimekuchoka wewe." Lugha hiyo hatujampa. Anachoweza kusema kwa adabu ni kwamba amechoka mpira. Halafu jioni anakwenda kuurusha kwenye ndoo.

Na ona ulichokiandika mwenyewe bila kukitilia maanani: hata chini ya mwembe alikosa. Mpira uligonga ukingo ukatoka. Kukosa kulikuwa kule kule, ila kilichofuata ni kingine. Pale kilifuata kicheko chake mwenyewe na mpira kurushwa tena. Kwako ilifuata filimbi, kisha neno "mzigo", kisha kicheko cha wenzake.

Wewe ni mchezaji, kwa hiyo nikukumbushe sheria unayoijua kuliko mimi. Mfungaji akishaushika mpira ana sekunde tatu tu za kuuachia. Ndani ya sekunde hizo anatakiwa awaze ringi, magoti, kiwiko na kiganja. Mtoto anayejua kwamba akikosa ataitwa gunia, sekunde mbili kati ya hizo tatu anakuwazia wewe. Ringi inabakiwa na moja. Simaanishi kwamba ndiyo sababu ya magoli manne ya siku ile, kwani huenda alikuwa na njaa, au ameamkia vibaya. Lakini ulisema mkono wake ukinyanyuka mpira umeshaingia. Mkono haukubadilika. Jiulize nini kilikuwa kichwani mwake.

Wapo wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, ambao kwa miaka mingi wamechunguza kinachomfanya mtu aendelee na jambo bila kusukumwa. Wanasema binadamu anahitaji mambo matatu: awe na kauli katika anachokifanya, aone kwamba anaweza na anazidi kuweza, na ahisi yuko na watu wanaomjali. Kule mwembeni mwanafunzi wako anayo yote. Anaanza mchezo anapotaka na kuumaliza anapotaka. Vitoto vinamwona bingwa. Na yuko kwao, na mcheza kwao hutunzwa. Sasa yachukue matatu hayo uyapeleke uwanjani kwako saa kumi jioni, moja moja, uone yapi yapo. Sikuhukumu. Nakuomba utazame, kwa sababu hofu nayo humfanya mtoto akimbie, tena mbio kweli, ila hukimbia filimbi inapokuwepo tu.

Nije kwa marehemu, maana nadhani hapa ndipo panapouma.

Unasema njia yake ilikufikisha taifa, na sina sababu ya kukubishia. Lakini hesabu unayoipiga ni ya walioshuka mwisho wa safari. Mlianza wangapi uwanjani kwake? Walioacha njiani walikuwa nani? Sisi tuliobaki ndio tunaosimulia, na tunasimulia vizuri kwa sababu kwetu mambo yaliishia vizuri. Walioondoka hakuna anayewaita kwenye kikao cha wazazi wakatoe ushuhuda. Tena yule mwenzako wa sokoni hakuacha njiani. Alifika hadi timu ya mkoa kama wewe, na bado hataki hata jina la mwalimu litajwe. Huyo si mtu asiye na shukrani. Huyo ni shahidi, na ulimkatia kesi kabla hajasema. Ningekuwa wewe ningemtafuta, si kwa kumtetea marehemu, bali kumuuliza tu: wewe ilikuwaje kwako? Kisha ninyamaze.

Na kuna swali ambalo wewe peke yako unaweza kulijibu. Hakuna anayesafiri usiku kucha kwenda kuzika makelele. Ulimzika mtu. Alifanya nini kingine huyo mwalimu, zaidi ya ukali? Pengine alikwenda kwenu kumwomba baba yako akuruhusu kusafiri. Pengine alikulipia nauli, au alijua siku ambazo hujala. Simjui, nakisia. Ila nimeona mara nyingi kwamba tukiwarithi watu tuliowapenda, tunachukua kwanza kile kilichosikika sana, sauti, na tunasahau kile kilichotushika. Ukiweka chini maneno yake makali ukabaki na lile lililokufanya upande basi usiku ule, sioni utakuwa umemtukana wapi.

Umesema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini wahenga walisema kumkunja, si kumvunja. Kuna ukali wa kazi na kuna kumdharau mtu, na mara nyingi tunaviuza kwenye gunia moja. Kufika kwa wakati, kurudia pasi mara hamsini, kutojibizana na refa: hayo hayana haja ya kuondoka. "Kiwiko chako kimefunguka, rudia" ni maneno makali na yanafundisha. "Wewe ni mzigo" hayana somo ndani yake, mtoto hawezi kwenda nyumbani akayafanyia mazoezi. Na kwa kuwa umeitaja fimbo ya zamani, niseme hili hata kama kwako haitumiki: kwa kanuni za mwaka 2002, viboko shuleni havizidi vinne, huchapa mkuu wa shule au aliyemkabidhi kwa maandishi, tena kwa kosa kubwa la nidhamu, na huandikwa kwenye kitabu. Kukosa goli si kosa la nidhamu.

Hofu yako ya kufungwa naielewa. Hapo nikupe mfano mmoja. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, pamoja na mwenzao Nancy Barnett, waliwachukua makocha wa timu za watoto za besiboli. Baadhi walipewa mafunzo ya saa chache kabla ya msimu: sifu juhudi, mtoto akikosea mtie moyo na umwelekeze, acha kumwadhibu kwa kukosea. Wengine waliendelea kama walivyozoea. Msimu uliofuata, kwa makocha ambao hawakufundishwa, asilimia 26 ya watoto hawakurudi. Kwa waliofundishwa ilikuwa asilimia 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na jambo linalokuhusu zaidi ni hili: katika kushinda na kushindwa, timu za pande mbili hazikutofautiana. Upole haukuwapa vikombe zaidi, wala haukuwanyang'anya. Lakini wale walikuwa wavulana wadogo wa nchi nyingine na mchezo mwingine, na wewe una wilaya inayokungoja baada ya wiki tano. Usiuchukue mfano huu kama hirizi.

Karibu na sisi yupo Bruda Colm O'Connell, aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea ukocha. Anajulikana kwa kutazama sana na kusema kidogo. Mmoja wa vijana aliowalea ni David Rudisha, aliyetwaa dhahabu ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Kwa hiyo kelele si sharti la medali, ingawa wapo walioshinda nazo, wewe ukiwemo.

Sasa njia zilizo mbele yako. Ushauri wa mumeo una mantiki yake: mzazi akiitwa, mtoto anaweza kurudi kesho asubuhi. Lakini atarudi nani? Mama naye huenda akaongeza adhabu nyumbani. Na fikiria kwamba kukunja ile jezi huenda ndilo jambo la kwanza alilowahi kuamua mwenyewe uwanjani pako. Ukimrudisha kwa barua ya shule unampokonya na hilo.

Unaweza kumwomba radhi. Najua kwetu mkubwa kumwambia mtoto "nisamehe" si jambo jepesi, na ofisini hawatakosa wa kusema umejishusha. Kuna ugumu mwingine. Neno lilisemwa mbele ya watu, na radhi ya pembeni inakiacha kile kicheko cha wenzake pale pale kilipo. Lakini ukimsimamisha tena mbele ya watu bila kumuuliza, hata kwa wema, unaweza kumwaibisha upya. Pengine umuulize yeye anapendaje. Na uwe tayari kwa jibu moja ambalo litakuuma: asante Mwalimu, nimekusamehe, ila sirudi. Radhi inayosubiri mfungaji arudi kabla ya mashindano, mtoto wa miaka 15 ataisikia kuwa ni biashara.

Unaweza pia kumwacha kwa sasa, ukaanza na hawa 12. Hao walicheka siku ile, na nadhani wengi walicheka kwa ahueni, kwamba leo si mimi. Ukiwapa vipande vya karatasi wakuandikie bila majina, jambo moja wanalolipenda mazoezini na moja linalowafanya watake kukaa nyumbani, utapata usomaji mgumu. Usome ukiwa peke yako, si siku uliyochoka.

Ukibadilika, usitegemee wiki ya kwanza iwe tamu. Watakujaribu. Watachelewa, watapiga soga, watangoja kuona lini Mwalimu wa zamani atarudi, na kuna siku atarudi, kwa sababu mazoea ya miaka sita hayatoki kwa barua ya Shangazi. Usijifanye kusifu kila kitu pia, watoto wanaitambua sifa ya uongo haraka kuliko tusi. Na wilaya mnaweza kushindwa. Hilo ningelipeleka kwa mkuu wa shule mapema, kabla halijatokea, kwa kumwonyesha daftari: Januari 23, leo 12. Hizo ni namba anazoweza kuzielewa kama anavyoelewa kombe.

Na inawezekana, mwanangu, huyu binti asicheze tena chini yako, akaendelea mwembeni, akakua, akapata timu nyingine huko mbele. Kwako itakuwa hasara. Kwa mpira wake sina hakika kama itakuwa hasara.

Kati ya haya yote wewe ndiye unayeijua shule yako, mkuu wako, na mama wa mtoto. Sikuchagulii. Ila nimeona jambo moja. Katika barua nzima umemwita GS, au mtoto. Jina lake umelificha kwa kumlinda, na umefanya vyema, lakini hata la kubuni hukumpa. Ukiniandikia tena, na naomba uniandikie vyovyote itakavyokuwa, mpe jina unaloona linamfaa, unisimulie habari zake nje ya goli: nyumbani kwao ni wangapi, anapenda somo gani, nani alimfundisha kurusha.

Na ile jezi aliyoikunja chini ya nguzo, hukunieleza nani aliiokota.

Wako,
Shangazi